Porsche Carrera RS 2.7 tatu, bei tatu: ipi inastahili bei yake?

Mtafutaji73
Wanajukwaa, salaam. Kwa miezi minane nimekuwa nikitafuta Porsche 911 Carrera RS 2.7 ya mwaka 1973, na sasa nimebaki na magari matatu ambayo bei zake zinapishana sana, ilhali kwa macho yanafanana kama mapacha. La kwanza ni toleo la M472, lile la starehe. Injini yake ni ya asili, lakini limepakwa rangi nyeupe ilhali lilitoka kiwandani likiwa la rangi ya machungwa. La pili pia ni M472, limekarabatiwa mpaka nati ya mwisho, ila bloku ya injini si ile lililotoka nayo kiwandani. La tatu linauzwa kama M471, lile jepesi, kwa bei ya chini kuliko nilivyotarajia, na historia yake ina pengo la miaka 11. Mngeanza na kigezo gani kupima thamani ya kila moja?

Bi Nyundo
Ndugu Mtafutaji, weka kando kwanza bei za matangazo. Bei ya tangazo ni ombi la muuzaji tu, na gari linapotangazwa mwaka mzima kwa bei ileile, tunachojifunza ni kwamba hakuna aliyekubali kuitoa. Tazama matokeo ya minada, lakini uyasome kwa makini, kwa sababu baadhi huripotiwa kwa bei iliyogongewa nyundo na mengine yakiwa yamejumlisha ada anayotozwa mnunuzi, na mtu akiyachanganya hujikuta amekosea kwa kiasi kikubwa. Usiyapuuze hata yale magari yaliyorudi bila kuuzwa: dau la juu lililokataliwa linaonyesha wanunuzi wa siku ile waliishia wapi.

Wala usibebwe na habari kubwa za magazetini. Ferrari 250 GTO iliyouzwa mwaka 2018 kwa dola milioni 48.4 ni moja kati ya magari 36, na Mercedes-Benz 300 SLR iliyouzwa mwaka 2022 kwa yuro milioni 135 ni moja kati ya mawili ya umbo lile. Mauzo ya namna hiyo hayakusaidii kupima gari lililotengenezwa zaidi ya mara 1,500.

Fundi Spana
Mimi nitazungumzia hilo la tatu, maana ndilo linalonitia wasiwasi. Porsche walihitaji kutengeneza magari 500 ili Carrera RS ikubaliwe mashindanoni. Wateja wakayagombania, na hatimaye yakafika 1,580. Kati ya hayo, M471 yalikuwa 200 tu. Sasa fikiria M471 inatofautianaje na M472: kwa sehemu kubwa ni kwa vitu vilivyoondolewa, kama viti vya nyuma, saa ya dashibodi na mazulia mazito. Kuondoa ni kazi rahisi kuliko kuongeza, na tofauti ya bei inashawishi. Wapo hata waliochukua 911 ya kawaida ya miaka hiyo, wakaifungia spoila ya mkia wa bata na kuitanua mapaja ya nyuma, wakaiita RS.

Namba ya chasisi ya RS halisi huanza na 911360, na ya injini huanza na 663. Usiishie kuzisoma, zitazame zilivyogongwa. Niliwahi kuitwa kukagua gari la aina hii ambalo namba zake zote zilikuwa sahihi kwenye karatasi. Nilipofunua zulia la buti la mbele na kumulika tochi kwa ubavu, nikaona bati lenye namba limezungukwa na mstari mwembamba wa kulehemu, uliosagwa vizuri na kufunikwa kwa rangi mpya. Mwenye gari naye alikuwa hajui. Alikuwa amelilipia bei kamili.

Ukipata nafasi, lipime uzito pia. M471 ina takriban kilo 960, na M472 huzidi hapo kwa zaidi ya kilo 100. Mzani peke yake hauthibitishi kitu, ila unaweza kukuonyesha kwamba kuna swali la kuuliza.

Mzee wa Giaboksi
Ningekuwa wewe ningechukua la kwanza. Rangi inarudishwa, na gharama ya kuirudisha inajulikana kabla ya kuanza. Injini ya asili ikishapotea, fedha hairudishi kitu. Kwa hiyo chukua bei ya gari kama hilo lenye rangi yake, toa gharama ya kuvua bodi na kuipaka upya, kisha toa kidogo tena kwa ajili ya usumbufu.

Tulivu
Mzee wangu, kwa heshima zote, hapo sikubaliani nawe kabisa. Magari haya yaliundwa kwa ajili ya mashindano, kwa hiyo si ajabu bloku kubadilishwa. La muhimu ni kama iliyowekwa ni ya aina ileile, 911/83, na ya kipindi kilekile, au ni ya 911 nyingine. Isitoshe, la pili lina kitu ambacho hayo mengine hayana, nacho ni uwezekano wa kuwapo picha za bodi ikiwa bati tupu kabla ya rangi. Mabati ya RS ni membamba na kutu huyala haraka. La kwanza linaweza kuwa na namba zake zote na bado likawa limejaa puti ya kuzibia kutu chini ya rangi nyeupe. Nani amelipitishia kipimo cha unene wa rangi?

Mtafutaji73
Nawashukuru nyote. Nimerudi kwa magari yote matatu.

La tatu nimeachana nalo. Rimu zake za Fuchs zina tarehe upande wa ndani, na mbili zinasomeka 1976. Hilo peke yake lingesameheka, kwani rimu hubadilishwa. Lakini nilipoomba barua ya kumbukumbu za kiwandani, ambayo muuzaji alikuwa nayo muda wote bila kuitaja, ilieleza kuwa gari lilitoka likiwa M472. Kwa hiyo ni M472 iliyopungukiwa vifaa, na bei niliyoiona kuwa ya chini kumbe iko juu.

La pili lina picha, Tulivu, lakini ni za rangi ikipakwa. Za bati tupu hazipo. Bloku ni 911/83.

La kwanza nimelipima unene wa rangi mara mbili. Bodi yote iko sawa isipokuwa sehemu ya chini ya paja la nyuma la kushoto, ambako kipimo kilipanda ghafla. Nimetoa dau kwa hesabu ya Mzee wa Giaboksi, nikiwa nimepunguza pia gharama ya paja hilo. Muuzaji ameomba siku tatu.

Fundi Spana
Ndani ya siku hizo tatu, omba ruhusa ya kupima mgandamizo wa silinda zote sita.