Naomba ushauri: mchwa wa kichuguu au wa mbao kavu?

Wakuu, heshima kwenu. Natafuta mada ya utafiti wa uzamili kuhusu kugeuza mbao kuwa ethanoli. Kinachonivuta ni mchwa, ambao kumbe ni ukoo wa mende. Mchwa wa mbao kavu akijivua gamba hupoteza protozoa (vijidudu vya seli moja) wa utumboni wanaomsaidia kumeng'enya selulosi, yaani nyuzi za mbao, hadi mwenzake amlishe upya, tena kwa majimaji yatokayo nyuma! Wapo wanasayansi wanaoona ndipo kuishi kwao pamoja kulipoanzia. Ila Macrotermes wa vichuguu hawategemei protozoa. Wanalima uyoga, Termitomyces. Nianze na vimeng'enya vya uyoga huo, au nihangaike na utumbo wa mchwa wa mbao kavu? Chuoni hatuna mashine ya kusoma DNA. Na lignini (kile kigumu kinachoshikanisha nyuzi) kwenye unga wa mbao mnaivunjaje kwa gharama nafuu kabla ya kuchachusha?