Zanzibar na wageni wa laptopu: kinakwama wapi, na vijana wetu wanapata nini?

Kijana_Bububu: Assalaam alaykum wakuu, naomba tulijadili hili kwa uzito wake. Toka 2022 ilipozinduliwa Silicon Zanzibar kule Fumba, kuvuta kampuni za teknolojia na wafanyakazi wao, nafuatilia sana. Namibia mwaka huohuo wakatoa viza ya miezi 6 kwa wanaofanya kazi mtandaoni, unaonesha tu kipato cha dola 2,000 kwa mwezi, na Kenya nao 2024 wakatangaza kibali chao. Sasa sisi bahari tunayo, Paje imejaa wageni na laptopu zao, kwa nini hatuwashiki wakakaa? Na kijana anayemaliza chuo kikuu chetu cha SUZA anafaidika vipi?

MamaJambiani: Waalaykum salaam mwanangu. Mie nakodisha nyumba Jambiani, hao watu kabla hata ya bei wanauliza spidi ya intaneti, wengine wanataka niipime niwatumie skrinshoti. Ikabidi niweke inveta na betri, na modemu za mitandao miwili, huu ukigoma anahamia ule. Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipokatika nilikuwa na mgeni ana kikao na bosi wake Ujerumani, jamani alizunguka uani na simu juu anatafuta mtandao mpaka nikamuonea huruma. Akaja kufunga mizigo.

FundiKodi: Mama kasema kweli ila intaneti ni nusu tu. Uhamiaji ni jambo la Muungano, kwa hiyo Zanzibar haiwezi kuamka ikatoa viza yake peke yake, lazima Bara wakubali. Halafu VPN, ile programu ya kupitisha mawasiliano yako mtandaoni kwa njia iliyofichwa, kampuni nyingi za nje huingii kwenye mifumo yao bila hiyo, na Oktoba 2023 TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ikatangaza wanaoitumia wajisajili. Mgeni akisoma vile anaenda zake Mauritius, kule viza ya mwaka mzima hailipiwi.

Mchambuzi_Tanga: Wakuu angalieni Chile. 2010 walianzisha Start-Up Chile, mpango wa kuvuta wageni wanaoanzisha kampuni, timu ya kigeni ilikuwa inapewa dola 40,000 bila kuchukuliwa hisa na viza ya mwaka. Hela ilipoisha wengi walisepa, lakini kulikuwa na sharti la kurudisha kwa wenyeji, ukafundishe chuoni, uwalee vijana wanaoanza, na baadaye Wachile wenyewe wakaruhusiwa kuomba. Hilo sharti ndo la kuiga, maana mgeni anayekula kamba na kuondoka hata mtalii anafanya hivyo.

Kijana_Bububu: @Mchambuzi_Tanga hapo umenigusa mkuu. Kibali kifungwe na sharti hilo, kila kampuni ya Fumba ichukue vijana wa SUZA wafanye kazi halisi, walipwe, siyo kupigishwa picha siku ya uzinduzi.

MamaJambiani: Na kodi za nyumba mziangalie wanangu. Mwalimu wa skuli hapa kwetu kaambiwa ahame, mwenye nyumba anataka wa dola.