Mafundi wa Mbeya, kubahatisha spea siyo kutengeneza gari! STI imenitoa 1,700,000 kwa mpira wa 15,000

Wakuu, naandika nikiwa na hasira na sitaki mtu aniambie nipoe kwanza.

Gari ni Subaru Impreza WRX STI ya 2003, injini EJ207, turbo, gia sita za mkono. Ikiwa kwenye sailensi (injini inaunguruma bila kukanyaga mafuta) inatetemeka mpaka kioo cha ndani kinacheza. Mshale wa rpm (mizunguko ya injini) unapanda 1,100, unashuka 400, unapanda tena, halafu injini inazima. Asubuhi ya baridi ya Juni ndiyo usiseme. Ukishaingia barabarani inavuta vizuri tu, unaweza kuapa ni nzima. Ila ukifika kwenye tuta, au foleni ya Mafiati, ukikanyaga klachi tu: kimya. Taa ya cheki injini haiwaki.

Kabla hamjaniambia kuzima ni jambo dogo, nendeni mkashuke mteremko wa Inyala na lori la shaba nyuma yenu. Injini ikizima, usukani unakuwa mzito hapo hapo. Breki zinabaki na akiba ya kukanyaga mara mbili tatu, baada ya hapo pedali inakuwa ngumu, unasimamisha gari kwa nguvu za paja. Nimeshafika hapo, gia ndiyo iliyoniokoa. Kwa hiyo sikwenda gereji kwa ajili ya mbwembwe.

Sasa hiyo gereji. Sitaji jina, ipo hapa hapa mjini, ina bango kubwa na picha ya gari la mashindano. Fundi mkuu akafungua boneti, akasikiliza kidogo huku anaongea na simu, akasema: "Bosi, inamisi hii. Plagi." Plagi zikabadilishwa. Kwenye injini ya boksa, yenye silinda zilizolala, plagi ziko ubavuni, kuzifikia ni kazi, na bei ya kazi nikaambiwa ni ya "gari la mbio". Gari ikarudi vile vile. "Basi koili." Koili nne za mtumba zikafungwa. Vile vile. "Pampu ya mafuta imechoka." Pampu. "Nozeli chafu." Nozeli zikaoshwa. Mwisho ikatoka hukumu: kontroo boksi, yaani kompyuta ya injini, imekufa, itafutwe nyingine Dar.

Ni kama mgonjwa anayepewa dawa ya malaria, ya taifodi na ya minyoo kwa mpigo bila hata tone la damu kupimwa. Na kila dawa analipa.

Nilipouliza kwa nini hawapigi mashine ya kusoma kompyuta ya gari nikaletewa kile kidude cha Bluetooth cha bei rahisi. Hakikuwasiliana na gari, wakasema mnaona, kontroo boksi imekufa. Jamani! Magari mengi ya soko la Japani ya miaka ile hayaongei OBD2, lugha ya kawaida ya mashine hizo, kikamilifu. Subaru ina lugha yake, inaitwa SSM, unahitaji kebo na programu inayoijua. Kidude kukosa mawasiliano maana yake ni kidude kukosa mawasiliano, basi. Kontroo boksi ikifa gari haiwaki, achilia mbali kukimbia mpaka Igawa bila kukohoa.

Halafu kuna lile neno nililochoka kulisikia: "Bosi, hizi gari hazipendi hewa ya Mbeya, huku juu hewa nyepesi." Hapa naomba nikae kidogo maana hiki ndicho kichaka wanachojifichia wote.

Ni kweli Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 juu ya bahari. Mgandamizo wa hewa huku ni kama kilopaskali 83, wakati Dar ni 101. Hewa ni pungufu, hakuna ubishi. Lakini gari hii ina sensa ya hewa, ile eaflo inayokaa baada ya filta. Ndani yake kuna waya unaopashwa moto. Hewa ikipita inaupoza, na umeme unaohitajika kuurudishia joto ndio unaoiambia kontroo boksi ni uzito gani wa hewa umeingia. Hewa ikiwa nyepesi inapoza kidogo, mafuta yanapunguzwa yenyewe. Gari haijui kama iko Uyole au Kigamboni na haihitaji kujua. Tena gari hii ilikuwa hapa hapa Mbeya ikiwa safi kabla ya ugonjwa huu, na mlima Loleza haujasogea. Mahali pekee ambapo mwinuko ungewahusu ni kwenye kusoma geji ya vakyumu, ile inayopima mvuto wa hewa ndani ya injini. Injini nzima inayosoma inchi 20 za zebaki pwani, huku itasoma kama 15, kwa hiyo usiihukumu kwa kitabu cha pwani. Lakini geji yenyewe hawana.

Na hiyo eaflo wakaisafisha kwa petroli na kitambaa. Kitambaa! Kwenye waya mwembamba kuliko unywele. Nilimkuta kijana ameshaishika nikampokonya. Kuna dawa yake ya kupuliza, unapuliza, unaacha ikauke, hugusi.

Jamaa mmoja pale akashauri nifunge ile vali ya kutolea hewa nje, ile ya "pshhh", eti injini ipumue. Nikamwambia asante. Kwenye gari yenye eaflo, hewa ile imeshahesabiwa na mafuta yake yameshapangwa. Ukiitupa nje unapoachia mafuta, mchanganyiko unajaa petroli kwa muda na gari inaweza kuzima hapo hapo. Yaani dawa ya kuzima ni kuongeza sababu ya kuzima. Vali ya kiwandani inarudisha hewa ndani kwa makusudi. Vijana wa mluzi msinishambulie, ndivyo mfumo ulivyo.

Nikaamua kupeleka gari Iringa. Kuna dogo kule anashughulika na Subaru za rali. Zaidi ya kilomita 300, na kila tuta kuanzia Chimala mpaka Mafinga nikawa natembea vidole kwenye breki na kisigino kwenye mafuta ili isizime.

Nilimkuta na laptop iliyopasuka kioo na kebo moja. Kamwene, kamwene, hata chai hatujanywa akachomeka. Hakugusa spana. Akaniambia, "Kaka, iache isailensi, tusome kwanza inalalamika nini."

Sasa sikilizeni, maana hii ndiyo sehemu ambayo mngelipia pesa. Sensa ya oksijeni kwenye ekzosi inaiambia kontroo boksi kama mchanganyiko una mafuta mengi au machache. Kontroo boksi inaongeza au kupunguza, na inakumbuka kiasi ilichozoea kuongeza. Subaru inaweka kumbukumbu hiyo kwa makundi, kufuatana na wingi wa hewa inayoingia. Kwangu kundi la hewa kidogo, yaani sailensi, lilikuwa linaongeza asilimia 14, na juu yake kuna nyongeza nyingine ya papo hapo. Makundi ya juu, ukiwa mwendoni, yalikuwa asilimia 1 au 2. Dogo akagonga kioo kwa kidole: "Hewa ya wizi."

Kwa nini? Kama pampu ingekuwa imechoka, gari ingelia njaa ikibeba mzigo, siyo ikiwa imesimama. Kama eaflo ingekuwa inadanganya, kosa kwa kawaida lingeonekana mpaka mwendoni. Lakini tundu kwenye mpira baada ya throto (mlango wa hewa unaofunguka ukikanyaga mafuta) linapitisha hewa ambayo eaflo haikuihesabu. Kwenye sailensi injini inavuta hewa kidogo sana, kwa hiyo hiyo ya wizi ni sehemu kubwa ya yote. Ukikanyaga, hewa halali inakuwa nyingi na ya wizi haionekani. Ndiyo maana inakimbia vizuri na kufia kwenye tuta. Na asubuhi ni mbaya zaidi kwa sababu sensa ya oksijeni haijapata joto, hakuna wa kurekebisha.

Na sasa mnaelewa kwa nini nimechukia zaidi: kule gereji kila walipobadilisha kitu walichomoa betri "ili gari isahau". Ilisahau kweli! Walikuwa wanafuta ushahidi wenyewe, na kesho yake asubuhi gari inakuwa mbaya kuliko jana, wanasema ugonjwa umeongezeka, leta pesa.

Dogo akaziba mdomo wa hewa, akaingiza moshi kwa mgandamizo mdogo kutoka kwenye kikopo alichokitengeneza mwenyewe. Tukasubiri. Moshi ukatoka taratibu chini ya manifodi (mabomba yanayogawa hewa kwenye silinda), upande wa nyuma, mahali ambapo jicho halifiki. Ni mpira wa PCV, ule unaopumulisha injini na kurudisha mvuke wa oili kwenye manifodi. Unene wake kama dole gumba. Alipoutoa ulikuwa umevimba kwa oili, laini, unaacha weusi mkononi. Ukiushika umenyooka huoni kitu. Ukiukunja pale kwenye kona, upande wa chini unafunguka mdomo wa urefu wa ukucha.

15,000. Mpira wa kustahimili oili, na klampu mbili mpya. Tukafungua manifodi, tukafunga, gari ikakaa 750 imetulia.

Alipochomoa plagi "mpya" akacheka. Mwanya wa 1.1 mm, plagi za Impreza ya kawaida isiyo na turbo. Hii inataka kama 0.75, kwa sababu mgandamizo wa turbo unapozidi, cheche inashindwa kuruka mwanya mpana. Yaani walinitoza ya gari la mbio wakafunga ya gari la sokoni. Na aliponionyesha gasketi moja ya throto ilikuwa imekatwa kwa mkasi kutoka kwenye karatasi la boksi. Alama za mkasi zinaonekana.

Nimerudi Mbeya nikaenda kudai koili zangu za zamani, ambazo sasa najua zilikuwa nzima, pamoja na pampu. Jibu: "Bosi, spea za zamani huwa tunatupa." Koili za STI mnatupa? Wakati mtu mwingine atauziwa wiki ijayo kama "used ya Japani"? Nimewaambia Jumamosi nakuja na risiti zote na mtu wa serikali ya mtaa. Risiti mbili zimeandikwa "matengenezo" tu, bila kutaja spea, lakini meseji za malipo ninazo na picha za koili zikiwa kwenye gari ninazo.

NYONGEZA: Mnaouliza kwa nini sikupuliza kabureta klina kutafuta tundu: inasaidia, rpm zikibadilika umelipata, lakini chini ya manifodi ya hii injini dawa haifiki, na karibu na turbo ya moto unacheza na moto kweli kweli. Moshi ni salama zaidi.

NYONGEZA 2: Aliyesema "nunua Toyota IST uache mbwembwe", IST nayo ina mpira wa PCV, mkuu.

Mwenye kujua gereji hapa Mbeya, Mbalizi au hata Tukuyu inayopima kwa moshi na inayosoma data kabla ya kushika spana, aweke hapa. Na mwenye gasketi mpya za manifodi za EJ207, mpya siyo za mkasi, anicheki inbox, nalipa leo.