Adapta ya wifi inayotaka uwe na intaneti kwanza ndipo ikupe intaneti, hivi hawa watu wako serious??

Wakuu leo nina hasira na sitaki kuambiwa nitulie. Mtu una kompyuta yako ya mezani, nzima, ina nguvu zake, ila mazabodi (ile bodi kuu ya ndani) haina wifi, jambo la kawaida kabisa maana mashine kibao za mezani zinatoka kiwandani na tundu la waya wa netiweki tu. Ruta iko chumba kingine. Unachotaka ni kale kadude ka USB ka wifi, unachomeka, unaweka paswedi, maisha yanaendelea. Na kwenye boksi wamekuandikia kwa herufi kubwa kabisa chomeka tumia.

Haya nimechomeka. Windows ikapiga ule mlio wake halafu kimyaaa. Alama ya wifi pale chini haipo. Nafungua orodha ya vifaa nakuta kitu kimejikunyata huko kwenye vifaa vingine, eti kinaitwa 802.11ac NIC, kina kipembe cha njano na alama ya mshangao. Maana yake kompyuta inaona kuna kitu kimechomekwa ila haina draiva yake, yaani kile kiprogramu cha kukiendesha, kwa hiyo haijui ikifanyie nini.

Draiva iko wapi? Kwenye sidii. SIDII jamani, ile ndogo ya sentimita 8, wakati keisi za siku hizi hata nafasi ya kuweka sehemu ya sidii hazina. Nageukia karatasi ya maelezo, maandishi madogo kama ya masharti ya mkopo, inasema kama huna sehemu ya sidii ingia kwenye tovuti yetu upakue draiva. Kwa intaneti ipi sasa?? Ndoo unauziwa haina kamba, kamba iko chini ya kisima. Na nikiwaandikia huduma kwa wateja jibu la kwanza ninalopewa ni "tafadhali hakikisha kompyuta yako imeunganishwa na intaneti". Nilibaki naangalia simu tu.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba suluhisho lipo na wanalijua. Kuna adapta nyingine draiva imewekwa ndani ya adapta yenyewe, ukichomeka mara ya kwanza inajifanya sidii, unafungua unainstoo, ikimaliza inageuka kuwa wifi. (Watu wa Linux nawajua mtakuja kulia hapa kwamba kwenu inaweza kugoma kugeuka inabaki sidii mpaka muilazimishe na kiprogramu cha usb_modeswitch, sawa, poleni, ila angalau kuna mtu alifikiria.) Kwa hiyo sio kwamba haiwezekani, ni uvivu na ubahili tu.

Sasa ngoja, tuseme umepata intaneti pa kuazima. Unatafuta draiva kwa jina la kwenye boksi unakuta kuna v1, v2, v3, jina lile lile, plastiki ile ile, picha ile ile, ila chipu ya ndani ni nyingine kabisa, na draiva ya v1 kwenye v3 haikubali. Hiyo v wameiandika kwenye stika kwa maandishi ambayo inabidi upige picha na simu ndio uzuum usome. Hapo ndipo unaangukia kwenye zile tovuti za "pakua draiva zote bure" ambazo ukiinstoo kiprogramu chao kinakuambia kompyuta yako ina matatizo chungu nzima, lipia tukurekebishie. Msiguse huo uchafu. Kwenye ile orodha ya vifaa fungueni propati za kifaa, ingieni Details, chagueni Hardware Ids, kuna VID (kitambulisho cha kampuni) na PID (kitambulisho cha kifaa), kila moja ina alama nne, mchanganyiko wa namba na herufi. Tafuteni kwa hizo, ndizo zinazotambulisha kifaa chenyewe, boksi linaongea lolote.

Na spidi je? Wameandika 600, yaani megabiti kwa sekunde. Hiyo 600 wamejumlisha 150 ya bendi ya 2.4GHz na 433 ya bendi ya 5GHz (ndiyo masafa mawili ya wifi), inakuja 583, wakaipandisha juu kidogo ipendeze. Ila kadude kanashika bendi moja kwa wakati, hizo mbili huzipati pamoja! Wengine wanaandika 1300 halafu kidude ni USB 2.0, ambayo yenyewe mwisho wake kwenye makaratasi ni 480. Hiyo 1300 itapitia wapi, dirishani?

Halafu kinakuwa kifupi kama ukucha, unakichomeka nyuma ya keisi, chini ya meza, upande wa ukutani, chuma chote kiko kati yake na ruta. Ukikiweka kwenye poti ya USB 3.0 ndio balaa maana hizo poti na vifaa vyake vinatoa kelele za mawimbi zinazovuruga wifi ya 2.4GHz, Intel wenyewe walitoa maandiko kuhusu hilo 2012, sio siri. Kipande cha waya wa kurefusha kingesaidia sana, unakitoa kidude nje unakiweka juu ya meza, lakini kwenye boksi kuweka hicho kipande wameona ni hasara, sidii ya makumbusho ndio wameona ina maana.

Mnaotaka kuja kusema tumia waya, najua, waya ni bora, unaenda mpaka mita 100 bila shida. Sio kila mtu anaruhusiwa kutoboa kuta za nyumba anayokaa. Piteni.

Kwa aliyekwama kama mimi: simu ya Android iunge wifi ya nyumbani, ichomeke kwenye kompyuta kwa waya wa chaji (uwe unaopitisha data, kuna mingine ni ya chaji tu), halafu kwenye mipangilio ya hotspoti washa ile ya kushea kwa USB. Kompyuta inaiona simu kama netiweki ya waya, Windows kwa kawaida haikuombi draiva yoyote, na bando haliliwi sababu simu iko kwenye wifi. Pakua draiva yako hapo. Mistari miwili tu hiyo ingetosha kwenye ile karatasi yao, wameshindwa.

Yangu sasa inashika ila nikiiacha kompyuta ikalala, ikiamka wifi haipo mpaka nichomoe nichomeke. Nimeshatoa tiki ya kuruhusu Windows izime kifaa kuokoa umeme, bado. Mwenye adapta inayoamka vizuri aweke hapa, na aandike jina la chipu na version yake, jina la boksi akae nalo.