Mnara wa refluksi: kwa nini kurudisha pombe chini kunaifanya iwe kali zaidi?

Mwanagenzi:

Wanajamvi, salaam. Naomba ushauri wa wale wanaoufahamu mnara wa refluksi (yaani mnara unaorudisha chini sehemu ya kile kilichopozwa kileleni) kwa kuutumia, si kwa kuusikia tu. Nina mtambo mdogo wa kukeneka, yaani kuchemsha na kupoza mvuke wake, pombe kali kwa matumizi yangu mwenyewe, na ninapoishi sheria inaliruhusu jambo hilo, kwa hiyo naomba mjadala wa sheria usitupotezee muda. Pipa la kuchemshia linaingia lita 25 na linapashwa kwa umeme wa wati 3000. Juu yake nimesimamisha mnara wa chuma kisichoshika kutu, wenye kipenyo cha sentimita 5 na urefu wa mita 1, ambao nimeushindilia stilwaya za chuma hichohicho kutoka chini hadi juu. Kileleni kuna kipozeo. Matone yake huangukia kwenye kisahani, na kutoka hapo vali ndogo hutoa sehemu nje huku sehemu inayobaki ikirudi chini ndani ya mnara.

Pombe ninayoichemsha ina kileo cha asilimia 10. Nilitarajia kupata asilimia 94 hivi, lakini ninachokipata ni kati ya 82 na 86, na kipimajoto cha juu hakitulii: kinasoma 79, kinaruka hadi 83, kinashuka tena. Mnara wenyewe hububujika kwa sauti inayosikika, na mara nyingine kimiminika hutoka kwenye mdomo kwa kuruka badala ya kutiririka.

Nina pia swali la msingi zaidi, ambalo naona haya kidogo kuliuliza. Sielewi mantiki ya kurudisha chini kitu ambacho tayari kimeshachemka, kimepanda na kimepozwa. Je, si kuchemsha kitu kilekile mara mbili na kupoteza umeme?

FundiShaba:

Ndugu Mwanagenzi, naanza na hilo swali la msingi, kwa sababu jibu la shida yako nyingine limo humohumo.

Ukichemsha pombe ya asilimia 10, mvuke wa kwanza unaotoka hauna asilimia 10; una takriban 55, kwa kuwa alkoholi huchemka kwa nyuzi 78.4 na maji kwa 100, hivyo alkoholi hukimbilia mvukeni kwa wingi kuliko maji. Ukiupoza mvuke huo na kuukeneka upya, utapata takriban 82. Ukirudia, 89. Ukirudia tena, 92. Unaona jinsi hatua zinavyofupika: ya kwanza inakupa zaidi ya asilimia 40 kwa mkupuo mmoja, ya nne inakupa 3 tu, na baada ya hapo unapigania sehemu za asilimia moja. Mwisho wa safari ni asilimia 97 na ushei kwa ujazo, mahali ambapo mvuke na kimiminika vinakuwa na mchanganyiko uleule, na hakuna mnara wa kawaida unaoweza kupita hapo hata ukiurefusha hadi mawinguni. Wakemia huita mchanganyiko huo azeotropi.

Kazi ya mnara ni kufanya mikeneko yote hiyo ndani ya bomba moja, bila wewe kumwaga na kujaza upya. Lakini mkeneko mpya hauwezi kutokea pasipo kimiminika cha kukenekwa, na kimiminika hicho ndicho kinachorudi kutoka juu. Kinaposhuka, kinatandaa juu ya nyuzi za stilwaya na kukutana na mvuke unaopanda. Maji yaliyomo mvukeni yanapogeuka kuwa kimiminika huachia joto, na joto hilohilo huitoa alkoholi iliyomo kwenye kimiminika na kuipandisha juu. Kila sentimita chache mabadilishano haya yanafanyika: maji yanashuka hatua moja, alkoholi inapanda hatua moja. Ukizuia kimiminika kisirudi, ndani ya mnara hakuna wa kubadilishana na mvuke, na mita yako moja inakuwa bomba refu tu linalopoteza joto.

Kwa hiyo umeme haupotei. Refluksi ndiyo inayofanya kazi. Kinachotoka nje ni ziada yake.

Bi Mvuke:

Namuunga mkono FundiShaba, ila kwa upande wa tiba naona jambo ni jepesi zaidi. Kipimajoto kikipanda hadi 83, punguza moto mpaka kirudi 78, kisha ukishikilie hapo mpaka mwisho. Maji hayachemki kwa nyuzi 78, kwa hiyo hayatapanda.

FundiShaba:

Bi Mvuke, kwa heshima zote, hapo sikubaliani nawe, na naomba nieleze kwa kirefu kwa sababu ushauri huu unatolewa kila mahali.

Joto la kimiminika kinachochemka haliamuliwi na ukubwa wa moto. Linaamuliwa na mchanganyiko wake pamoja na shinikizo la hewa. Pombe ya asilimia 10 huchemka kwa nyuzi 92 au 93, uwe umeweka wati 500 au wati 3000. Tofauti ni kwamba wati nyingi hutoa mvuke mwingi kwa saa. Na maji hayasubiri nyuzi 100 ndipo yawe mvuke: katika mchanganyiko, yanavukizwa pamoja na alkoholi tangu mwanzo, ndiyo maana ule mvuke wa kwanza una karibu nusu yake maji.

Hivyo kipimajoto cha kileleni ni cha kukupa taarifa, si cha kuendeshea mtambo. Kikisoma 78.2 na kutulia, kinakuarifu kwamba mvuke uliofika pale ni alkoholi inayokaribia kikomo chake. Kikipanda, kinakuarifu kwamba maji yamefika juu, na dawa yake ni kufunga vali kidogo ili kimiminika kingi zaidi kirudi chini. Namba yenyewe hutegemea pia mwinuko wa mahali, kwani kila mita 300 juu ya usawa wa bahari hupunguza takriban nyuzi 1. Mtu aliye mlimani asihangaike kuitafuta 78. Atazame kama namba yake imetulia.

Msomakemia:

Naomba kuingia kwenye hesabu, kwa sababu shida ya Mwanagenzi ni ya hesabu.

Kugeuza lita moja ya pombe ya asilimia 95 kuwa mvuke kunahitaji takriban kilojuli 770. Wati 1500 ni kilojuli 5400 kwa saa, kwa hiyo, tukiacha joto linalopotea kwenye kuta, kileleni utapata mvuke wa kutosha lita 7 za kimiminika kila saa. Ukitoa lita 1 na kurudisha 6, uwiano wako wa refluksi ni 6 kwa 1. Ukifungua vali mpaka utoe lita 3 na nusu, umebaki na 1 kwa 1, na hapo usitarajie asilimia 94 kutoka mnara wa mita moja.

Sasa wewe unatumia wati 3000. Mvuke ni maradufu, na katika bomba la sentimita 5 unapanda kwa kasi inayozidi kidogo mita moja kwa sekunde. Kwa kasi hiyo, tena ndani ya stilwaya zilizoshindiliwa, kimiminika kinachotaka kushuka kinazuiwa na mvuke unaopanda, kinajikusanya katikati na kusukumwa juu kwa mafungu. Huko ndiko kufurika kwa mnara. Sauti ya kububujika, kipimajoto kinachoruka na kimiminika kinachotoka kwa kuruka vyote ni dalili za ugonjwa huo mmoja. Tena kufurika hakuleti refluksi nzuri hata kama ndani kumejaa kimiminika, kwa maana kinasukumwa juu kikiwa na maji yake badala ya kushuka na kubadilishana.

Ama upunguze umeme, ama upanue bomba. Bomba la sentimita 10 lina eneo mara nne ya lako, ingawa kwa pipa la lita 25 naona ni kujitafutia gharama.

Mwanagenzi:

Nashukuruni sana. Nilidhani kububujika ni ishara kwamba mnara unafanya kazi. Maswali mawili zaidi: stilwaya zikae kwa ulegevu gani, na nianze kutoa lini?

FundiShaba:

Kuhusu stilwaya, zifumue kwanza, kisha uzipange zijae bila kukandamizwa. Kipimo changu ni cha mkono: ukipuliza kwa mdomo kutoka chini, hewa ipite bila kukaza mashavu. Usiache pia mianya pembeni, kwa sababu kimiminika hupenda kukimbilia ukutani na kushuka bila kukutana na mvuke. Hakikisha kwa sumaku na kwa macho kwamba ni za chuma kisichoshika kutu kweli. Zile za kawaida za kusugulia sufuria huoza upesi. Wavu wa shaba nyekundu ni bora zaidi kwa sehemu moja ya mnara, maana shaba hunasa viambato vya salfa vinavyoipa pombe harufu ya yai viza. Wako pia wanaotumia pete za Raschig, vijibomba vifupi vilivyobuniwa na mkemia Mjerumani Fritz Raschig, ambavyo havishindiliki hata ukitaka.

Kuhusu kuanza: pipa likichemka, funga vali kabisa na uache kila tone lirudi chini. Wakati huo mnara unajipanga, viambato vyepesi vinakusanyika kileleni na maji yanashuka. Ukiugusa kwa uangalifu (au bora zaidi ukiufunga kitambaa kisichopitisha joto na kuweka vipimajoto viwili) utaona joto likipanda mnarani hatua kwa hatua. Subiri mpaka kipimajoto cha juu kitulie kabisa, na hata kikitulia ongeza dakika kama 20. Kisha toa mtoko wa kwanza polepole, tone kwa tone. Una harufu kali ya dawa ya kubandulia rangi na haunywewi. Ukiisha, ndipo ufungue vali kwa kiasi.

Baharia wa Kale:

Mimi ni mpinzani wa minara, na naona ni haki nisikike. Mtu anayetaka pombe yenye ladha ya nafaka au ya tunda aliyotumia hana haja ya asilimia 94. Vile viambato vinavyobeba ladha huondolewa na mnara pamoja na uchafu. Mtambo wa chungu, usio na mnara, mikeneko miwili, basi. Mnara ni wa anayetaka pombe isiyo na ladha, ya kuloweka viungo au kuchanganya. Wengi hununua mnara kwa kuvutiwa na namba, kisha wanalalamika kwamba pombe yao haina utu.

Msomakemia:

Ni kweli, Mzee wangu, ingawa mnara wenye vali unaweza kulegezwa ukafanana na chungu, ilhali chungu hakiwezi kukazwa kikawa mnara. Isitoshe, minara ya trei, yenye trei ndani badala ya stilwaya, inakeneka wiski ya nafaka tangu Aeneas Coffey, aliyekuwa ofisa wa ushuru nchini Ireland, apate hataza yake mwaka 1830. Ladha ni suala la hatua ngapi na uwiano gani, si la umbo la chombo peke yake.

Naongeza la usalama. Mvuke wa alkoholi hushika moto kwa cheche ndogo, na alkoholi ya asilimia 95 hutoa mvuke wa kuwaka hata katika joto la chumba. Kipokelea kiwe mbali na chanzo chochote cha moto, chumba kipitishe hewa, na maji ya kipozeo yasikatike ukiwa umeondoka. Juu ya kipozeo pawe wazi kwa hewa. Mtambo wa aina hii haufungwi kamwe, kwa sababu mnara uliofurika au kuziba huku pipa likichemka hugeuka bomu. Mahali palipolehemiwa pasiwe na madini ya risasi.

Bi Mvuke:

Nimekuelewa kuhusu kipimajoto, FundiShaba, na ahsante. Sasa nauliza la methanoli, ile alkoholi yenye sumu: je, mnara mzuri unaweza kuisafisha spiriti ya viwandani ikanyweka?

Msomakemia:

Hapana, na mtu asijaribu. Methanoli safi huchemka kwa nyuzi 64.7, na ndiyo maana watu hudhani itatoka yote mwanzoni. Lakini ndani ya mchanganyiko inasambaa, na mnara mdogo wa nyumbani hauwezi kukuhakikishia kwamba imekwisha. Spiriti ya viwandani huwekewa pia vitu vingine vya makusudi ili isinywewe. Pombe ya sukari au ya nafaka iliyochachushwa kwa hamira ina methanoli kidogo mno; ya matunda inayo zaidi, kwa kuwa hutokana na pektini iliyomo kwenye nyama na maganda ya tunda. Kukeneka hakuumbi methanoli, na hakuiokoi pombe iliyotiwa sumu.

Mwanagenzi:

Nimefumua stilwaya zote na kuzipanga upya, nikashusha umeme hadi wati 1500. Mnara umenyamaza, kipimajoto kimetulia, na haidromita, kile kipimo cha kileo, inasoma 93. Naona hata hivyo kwamba kadiri muda unavyokwenda namba inaanza kusogea, 78.3, 78.5, ingawa sijaigusa vali. Niiache vali hivyohivyo?

FundiShaba:

Usiiache hivyo. Alkoholi ndani ya pipa inapungua, kwa hiyo mvuke unaoingia chini ya mnara ni hafifu kuliko wa mwanzo na mnara unahitaji refluksi zaidi ili kufika palepale. Punguza vali sasa hivi, usisubiri ifike 79. Utafika wakati ambapo hata ukifunga karibu yote namba haishuki. Hapo badilisha chombo, kwa sababu kinachofuata ni mtoko wa mwisho, wenye harufu ya kadibodi iliyolowa. Uweke kando uutie kwenye pipa la mkeneko ujao.