Mama (67) hajawahi kupanda ndege: New York moja kwa moja kutoka Nairobi, au apitie Doha?

Binti_Meru: Wakuu, habari zenu. Januari mama anakwenda kwa dada yangu New Jersey, amejifungua. Tunaishi Arusha. Miguu yake huvimba akikaa muda mrefu. Juzi tumetoka Dar kwa basi, tuliposhuka viatu havikumwingia tena, akatembea na kandambili mpaka nyumbani. Nina njia mbili: basi la Namanga mpaka Nairobi kisha ndege ya moja kwa moja hadi uwanja wa JFK wa New York, au apandie KIA (uwanja wa Kilimanjaro) abadilishe Doha. Moyo unanituma Doha, apumzike katikati. Halafu ratiba ya Nairobi inaonyesha kuondoka 23:55, kufika 06:55. Saa 7 tu kweli? Naombeni ushauri.

MzeeWaUsa: Mwanangu, hizo ni saa za miji miwili. Kila mji unaandikwa kwa saa yake. Januari New York iko nyuma yetu kwa saa 8, kwa hiyo jumlisha 7 na 8: mama atakaa angani saa 15. Ni karibu kilomita 11,800. Na umwandikie kwa hesabu yetu kwenye karatasi, "saa 5:55 usiku", maana 23:55 itamchanganya. Kurudi huwa kufupi kidogo, upepo wa juu unaisukuma ndege kuja mashariki.

Nyota_ya_Tanga: Dada, Doha haiko katikati. KIA hadi Doha ni kama kilomita 3,550, saa 5 na nusu hivi. Doha hadi JFK ni karibu 10,800, saa 14! Yaani atashuka, atazunguka uwanja mkubwa asioujua, halafu akae karibu sawa na yule aliyetoka Nairobi. Ukitaka kuigawa kweli ni Amsterdam: kutoka KIA 6,900, kisha 5,850, saa 8 hadi 9 kila kipande. Lakini mama wa mara ya kwanza kubadilisha ndege peke yake? Mimi ningempeleka Nairobi.

Nesi_Mstaafu: Kabla ya kulipa chochote, mpeleke kwa daktari aangalie hiyo miguu. Kukaa saa nyingi bila kujongea kunaweza kugandisha damu kwenye mishipa ya miguu, na kwa umri wake si jambo la kubahatisha. Muulizeni kuhusu soksi za kubana, msinunue kwa kukisia. Kwenye ndege achukue kiti cha upande wa njia, ainuke kila baada ya saa moja au mbili, na akiwa amekaa azungushe vifundo. Anywe maji. Dawa zake ziwe kwenye mkoba wa mkononi pamoja na cheti cha daktari.

MzeeWaUsa: Naongezea. Wakati wa kukata tiketi omba asaidiwe kwa kiti cha magurudumu. Hakilipiwi, na atasindikizwa mpaka uhamiaji na kwenye mizigo. Asipande basi siku ileile ya ndege; foleni ya mpakani Namanga haitabiriki. Alale Nairobi.

Binti_Meru: Asanteni sana, shikamoo mzee. Ningemkatia ya Doha leo jioni. Jumatatu tunaanza kwa daktari. Nimempigia sasa hivi, alikuwa anataka dirishani aone mawingu. Nimemwambia ya njiani, amekubali.