Siasa za Nairobi twazijua kwa moyo, bajeti ya Lamu hatuijui. Tutafika 2027 hivi hivi?

Mwana wa Langoni
Assalaam aleikum. Kuna jambo limenikaa kooni tangu juzi, nataka tulizungumze.

Juzi kulikuwa na kikao cha kutoa maoni juu ya bajeti ya kaunti. Nilifika saa tatu kasorobo. Viti vimepangwa kama vya harusi, safu hadi mlangoni. Kufika saa tano tulikuwa watu kumi na wanne, na sita kati yao ni wafanyakazi waliokuja kazini. Nakala ya makadirio ilikuwa moja, kitabu kinene, Kiingereza mwanzo mwisho, kikawa kinapita mkono kwa mkono. Mzee aliyekaa ubavuni mwangu alikifungua, akapitisha kidole kwenye tarakimu, akakifunga. Akauliza, "Gati letu liko ukurasa wa ngapi?" Hakujibiwa.

Jioni nikapita Mkunguni, mbele ya ngome. Hapana pa kukaa! Watu wanabishania nani atamuunga mkono nani Nairobi, nani kamnunia nani, nani kala meza moja na nani. Wayajua yote. Nikauliza nani kati yao alikwenda kikaoni asubuhi, wakanitazama kama niliyekatiza hutuba ya Ijumaa.

Jamani, mwaka wa fedha 2021/22 Lamu ilipata kama shilingi bilioni 3.1 kutoka kwa mgao wa kitaifa, kidogo kuliko kaunti zote. Lakini sensa ya 2019 ilituhesabu watu 143,920. Gawanyeni, ni zaidi ya 21,000 kwa kila kichwa, pamoja na mtoto mchanga. Na Katiba, Jedwali la Nne, imeziweka zahanati, chekechea, uvuvi na magati mikononi mwa kaunti. Siku ya uchaguzi twapewa karatasi sita, na mwaka mzima twajadili moja. Rai yangu ni kwamba 2027 tuanze na karatasi ya mwakilishi wadi, ya rais iwe ya mwisho. Tumuulize kila anayeitaka wadi: ulihudhuria vikao vingapi vya bajeti kabla hujataka kura yetu?

Na ndugu zetu wa Mombasa wanaopanda basi siku moja kabla ya kura, wakatuchagulia kisha wakarudi zao, hao wasiwe wa kwanza kulalamikia kaunti.

Nahodha wa Matondoni
Umesema kweli, lakini ni nusu yake. Bandari ya Lamu iliamuliwa wapi? Jiwe la msingi liliwekwa Machi 2012, Kibaki amesimama na Salva Kiir na Meles Zenawi, na serikali ya kaunti hata haijazaliwa. Baada ya mauaji ya Mpeketoni 2014 tukapigwa marufuku kuvua usiku. Nani alitoa amri ile? Si mwakilishi wadi. Mimi nyavu zangu zilining'inia ukutani mpaka panya wakazijulia. Jarife ni la usiku, mwanangu, mchana samaki analiona. Mwakilishi wetu alikuwa akija kutupa pole, basi, zaidi ya pole hakuwa na kitu. Anayeifunga na kuifungua bahari yuko Nairobi. Sasa waniambia nisimjadili?

Mzaliwa wa Mkomani
Nimesoma vizuri mpaka nikafika kwenye hilo la basi. Mwana wa Langoni, umenichoma.

Niko Mombasa mwaka wa kumi na moja. Sikuja kutembea. Nilimaliza kidato cha nne, nikakaa Amu, yaani mji wa Lamu, miaka miwili nikibeba mawe ya matumbawe kwa wanaojenga Shela, nyumba ambazo hata kizingiti chake sitakivuka. Nikaondoka. Kura ya 2022 nilitoka Mombasa alfajiri, baada ya Garsen tukasubiri msafara wa polisi juani, tukafika Mokowe jua limeinama, nikaingia botini na begi kichwani. Asubuhi nikasimama foleni. Kitovu changu kimezikwa Amu, jina langu limo daftarini kihalali. Mamangu yuko hapo na mwezi haupiti sijatuma.

Na kama tunahesabiana, mbona hamuwasemi wanaopiga kura Lamu miaka na miaka na mtaa mmoja wa Amu hawaujui?

Mwana wa Langoni
Sikukutaja jina, umejitaja mwenyewe. Mimi nasema nini? Nasema dawa zikikosekana, anayerudi nyumbani na karatasi tupu ni aliye hapa. Wewe uliyempigia kura mtu kwa sababu ni wa ukoo wenu, siku hiyo uko Mombasa, una hospitali kila barabara.

Mzaliwa wa Mkomani
Anayerudi na karatasi tupu ni MAMANGU. Na dawa ile naitafuta mimi huku Mombasa, naipakia basini, inafika kwake. Usinieleze habari ya dawa za Lamu, nazijua kwa bei.

Bi Kizingitini
Nyinyi mwagombania basi. Sisi wa kisiwa cha Pate je? Hicho kikao mwakisema kama kwamba tuliitwa tukakataa. Nilikisikia kwenye redio, siku yenyewe. Saa tatu asubuhi Amu maana yake mtu wa Kizingitini atoke na boti baada ya alfajiri, alipe kwenda, alipe kurudi, na kurudi kwenyewe kwangoja maji na abiria. Niache watoto na mkate haujaoka, niende nikaulizwe maoni kwa kitabu cha Kizungu?

Nauliza swali moja. Gati la Kizingitini limo humo au halimo? Dada yangu alipandishwa botini na uchungu wa uzazi, maji yametoka. Wanaume wanne walimbeba juu kwa juu, matope yakiwafika mapajani. Nataka kujua hilo tu.

Kijana wa Mpeketoni
Ndugu wa Mkomani, "wanaopiga kura Lamu na mtaa mmoja wa Amu hawaujui" ni akina nani? Sema wazi.

Babu yangu alipewa shamba skimu ya Ziwa Kenyatta miaka ya 1970. Babangu kakulia pale, mimi nimezaliwa pale. Pamba inayoitwa ya Lamu twailima sisi, mikono yangu ina alama zake. Juni 2014 waliuawa watu zaidi ya sitini, nilikuwa darasa la saba, nilijua majina yao. Wengine walikuwa walimu na wenye maduka tuliokuwa tukinunua kwao kalamu. Wewe una kitovu Amu, mimi nina makaburi Mpeketoni. Usinipime kwa majina ya mitaa.

Mzaliwa wa Mkomani
Sikukusudia Mpeketoni.

Kijana wa Mpeketoni
Ulikusudia wapi, basi?

Mzaliwa wa Mkomani
Nilikuwa na hasira na niliyekuwa nikimjibu, nikatupa neno likakupiga wewe. Kwa hilo naomba radhi, kwa dhati. Lakini ya Langoni bado sijaiachilia.

Bi Mkubwa wa Shela
Wanangu, nimenyamaza, sasa niacheni niseme, kwa sababu mmefika pa kuulizana nani wa wapi, na huko nakujua kunakoishia.

Kuna anayeona kikao cha maoni ni cha kupoteza asubuhi. Haya, makaa ya mawe ya Kwasasi yalizuiwa na nini? Mtambo wa megawati 1,050, leseni ya mazingira tayari wanayo. Tarehe 26 Juni 2019 baraza la mazingira likaifuta leseni, na sababu kubwa ilikuwa kwamba wananchi hawakushirikishwa inavyopasa. Kikao kilichofanywa vibaya ndicho kilichowaangusha. Nilikuwako nje siku zile, tumevaa mabuibui juani, tumeshika mabango, na wapo waliotuita wanawake wasio na kazi.

Na bandari ni hivyo hivyo. Wavuvi walipoishinda serikali Mahakama Kuu ya Malindi, mojawapo ya hoja ilikuwa hiyo hiyo, kwamba watu hawakupewa habari wala kusikizwa. Kwa hiyo Mwana wa Langoni ana haki kusikitika kwa viti vitupu. Ila mwanangu, la basi halikuwa na maana. Lifute.

Nahodha wa Matondoni
Bi, hapo kwa Malindi umenigusa. Ile ya bilioni tatu tuliyoshinda 2016...

Bi Mkubwa wa Shela
Ni 2018, Nahodha, na ni bilioni 1.76, kwa wavuvi wapatao 4,600. Bilioni tatu ni mgao wa kaunti, usichanganye.

Nahodha wa Matondoni
Sawa, 1.76. Kushinda ni jambo moja na kulipwa ni jingine. Ikaja kukubaliwa asilimia 35 pesa mkononi, 65 iwe vifaa na miradi. Nani aliulizwa? Mimi nimevua tangu sijaota ndevu. Waliokuja kuandika majina walikaa chini ya mwembe asubuhi moja, mimi niko baharini, na mvuvi wa kweli asubuhi atakuwa wapi kama si baharini? Jina la marehemu kakangu limo, langu halimo. Nikafuatilia, nikaambiwa nilete barua, nikaleta. Nikaambiwa nilete nyingine.

Kijana wa Mpeketoni
Mzee, pole. Kwetu nako mbegu ya pamba ikigawiwa huwa hivyo hivyo, orodha inaandikwa siku watu wako shambani.

Mwana wa Langoni
Bi Mkubwa, neno lako nimelipokea. Kaka wa Mkomani, la basi nimelifuta moyoni, na nakuomba msamaha mbele ya wote. Nilitoka kikaoni na uchungu nikaumwaga kwako.

Lakini msinitoe kwenye rai yangu. Vijana wa 2024 waliusoma Mswada wa Fedha kifungu kwa kifungu, wakauzungumza kwa Kiswahili mpaka bibi yangu akajua kodi ya mkate ni nini, na Juni 26 rais akatangaza hautii saini. Ule ulikuwa wa nchi nzima. Wa kaunti yetu twashindwaje kuusoma? Mwaka wa fedha waanza Julai mosi, ukishapitishwa hatuna tena la kusema.

Bi Kizingitini
Naona mmepatana, alhamdulillahi. Swali langu la gati nimeliuliza tangu asubuhi.

Mwana wa Langoni
Samahani sana, Bi. Nilipiga picha kurasa nane kabla kitabu hakijachukuliwa, za uvuvi na za magati. Kizingitini sikuiona katika hizo nane. Ila orodha inaendelea ukurasa unaofuata, na huo sikuuwahi.

Bi Kizingitini
Zitume hizo nane. Binti yangu yuko kidato cha tatu, atanisomea.

Mzaliwa wa Mkomani
Nitumie na mimi. Kazi yangu huku ni hesabu za duka, tarakimu hazinitishi. Leo usiku naandika kwa Kiswahili cha kwetu, safu kwa safu, kesho Bi anayo kabla boti hazijatoka. Na huo ukurasa wa tisa utafutwe. Kijana wa Mpeketoni, kwenu walifanya kikao? Walitoa nakala?

Kijana wa Mpeketoni
Walifanya. Mwalimu wangu wa zamani alihudhuria. Namwendea sasa hivi kwa pikipiki.

Nahodha wa Matondoni
Vizuri, someni. Lakini Mwana wa Langoni, tangu asubuhi umemjibu kila mtu isipokuwa mimi. Bahari ikifungwa tena, nimwendee nani?